Somo: Dawa Katika Chakula cha Kuku

Wanakikundi, mbona kuku akitiliwa antibiotiki kwenye chakula hukua upesi? Utumboni mna vijidudu vinavyomnyang'anya chakula na kuufanya ukuta wa utumbo uwe mnene. Dawa ikivipunguza, ukuta huwa mwembamba, na lishe huingia damuni kwa urahisi.

Lakini hasara iko. Vijidudu vinavyobaki huzoea dawa. Kesho vikimshika mtoto wako, dawa ya aina ile haimponyi. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulikataza mtindo huu mwaka 2006.

Basi tufanye nini? Banda kavu, maji safi, chanjo. Dawa ni ya kuku mgonjwa, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Mayai yake yasiliwe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Jadilianeni: Sisi hutia dawa kwa sababu gani?