Maua Kando ya Nyumba: Si Pambo Tu

Somo letu la mara hii ni juu ya bustani ya maua. Tunajua wengine watacheka. Tulipoleta habari hii katika mkutano, mama mmoja alisimama, akatuuliza: "Sasa, maua tutayala?" Watu wote walicheka, na sisi pia tulicheka. Lakini swali lake lilikuwa la kweli. Shamba ni dogo, watoto ni wengi, na kila hatua ya udongo iko na kazi. Kwa hiyo tunataka kumjibu yule mama vizuri, na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Maboga yenye kuanguka

Katika shamba letu la mfano, kwenye vilima vya juu ya Ziwa Kivu, tulipanda maboga nyuma ya nyumba. Yalitoa maua mengi sana, tukafurahi. Lakini vile viboga vidogo vilikuwa vinageuka manjano na kuanguka kabla ya kufika ukubwa wa yai. Tukasema ni ugonjwa. Tukanunua dawa, tukapiga asubuhi na mapema. Msimu uliofuata, hali ikawa mbaya zaidi. Majani yalikuwa mazuri, lakini maboga hakuna.

Ndipo mzee mmoja mwenye kufuga nyuki alipita, akatazama, akauliza neno moja tu: "Hapa munaona nyuki?" Tukanyamaza. Hatukuwa tumeona hata mmoja. Tulikuwa tumekata uzio wote wa maua ya manjano kwa ajili ya usafi, tukachoma majani ya pembeni, kisha tukapiga dawa kwenye saa zile nyuki wanatembea. Ugonjwa ule tuliutengeneza kwa mikono yetu.

Tueleze. Mboga wa boga unatoa maua ya aina mbili: ua dume na ua jike. Ua jike munalijua kwa sababu chini yake kuko kaboga kadogo. Unga wa ua dume ni mzito, unashika kama gundi, upepo hauwezi kuubeba. Lazima nyuki aubebe. Tena ua la boga linafunguka alfajiri na kufunga karibu na saa sita mchana, na siku yake ni hiyo moja tu. Nyuki asipokuja asubuhi ile, kaboga kale kanakufa. Miti ya avokado pia inahitaji wadudu wa namna hiyo, na marakuja na kahawa vinazaa vizuri zaidi nyuki wakitembelea.

Sasa nyuki hawezi kukaa akingojea maboga yako yatoe maua majuma machache kwa mwaka. Anatafuta chakula kila siku. Ndiyo kazi ya kwanza ya bustani ya maua: kuwalisha wafanyakazi wetu wakati shamba halina ua. Mama, maua hatutayala, lakini yanatuletea cha kula.

Chagueni maua yenye kazi

Hatusemi mununue mbegu za bei. Mengi yako hapa kwetu, jirani atakupa tawi au mbegu.

- *Tithonia*, ile yenye maua ya manjano kama alizeti ndogo, yenye kuota pembeni ya barabara. Ni nzuri kwa uzio. Majani yake mabichi yana chakula kingi cha udongo. Mukiyakata na kuyafukia au kuyatia katika mboji, mimea itashukuru. Lakini angalisho: inaenea haraka. Mukate kabla mbegu hazijakauka, na musiipande katikati ya shamba.
- *Tageti*, yenye harufu kali, ya rangi ya chungwa. Mizizi yake inapunguza aina fulani za minyoo midogo sana yenye kuharibu mizizi ya nyanya. Pandeni nyingi pamoja, na kwa msimu mzima. Mashina mawili matatu hayatoshi.
- *Alizeti, zinia na kosmosi*. Nyuki na vipepeo wanazipenda, na zinaota upesi kwa mbegu.
- *Mrihani, vitunguu na giligilani*. Musivune vyote. Acheni mashina machache yatoe maua. Munapata mbegu, na nyuki wanapata chakula.

Rangi nazo zina maana. Nyuki haoni nyekundu vizuri; anafuata manjano, buluu, zambarau na nyeupe. Maua mekundu yenye umbo la bomba yanamwita chozi, yule ndege mdogo mwenye kung'aa na mdomo wa kupinda. Chozi anakunywa maji matamu ya maua, lakini anakula pia wadudu na buibui, zaidi sana wakati wa kulisha makinda.

Kufuata majira, hata kama majira yamegeuka

Wazee wetu walikuwa wanajua: mvua inaanza Septemba, inapumzika kidogo karibu na Januari, inarudi mpaka Mei, kisha kiangazi cha Juni, Julai na Agosti. Siku hizi mvua inaweza kuchelewa, ama kunyesha siku tatu na kupotea majuma mawili. Kwa hiyo tunafuata mambo haya:

1. *Musiamini mvua ya kwanza.* Chimbeni shimo la kina cha kiganja. Kama udongo wa chini bado ni mkavu, ngojeni. Kama unashikamana mkononi, pandeni.
2. *Gawanyeni mbegu mara tatu.* Sehemu ya kwanza sasa, ya pili kisha majuma mawili, ya tatu wekeni akiba. Jua likiua za kwanza, hamujabaki mikono mitupu. Na zote zikiota, maua yatafuatana na nyuki hawatakosa chakula.
3. *Wakati wa mvua nyingi*, inueni tuta na chimbeni mfereji mdogo wa kutoa maji, juu ya mizizi yenye kulala ndani ya maji inaoza. Mimea mirefu ifungieni kijiti. Mvua ya mawe ikipiga, katani tu yaliyovunjika, musingoe. Zinia na kosmosi zinaweza kuchipuka tena.
4. *Wakati wa kiangazi*, funikeni udongo kwa majani makavu ao majani ya migomba. Mwagieni maji alfajiri ao jioni, kwenye shina, si juu ya majani. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Maji yenye sabuni nyingi, hapana.

Kuhusu mteremko, tunataka kusema ukweli. Wote tunakumbuka tarehe 4 Mei 2023, maji na matope yalivyoshuka Kalehe, kule Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu mia ine wakafa. Maua hayazuii mlima kuanguka, na mtu asiwadanganye. Kule juu kunahitaji miti, majani yenye mizizi mingi na mifereji yenye kukata mteremko. Lakini kando ya nyumba, safu ya maua yenye kukingama mteremko inapunguza mbio ya maji na inashika udongo mzuri usiende ziwani. Yapandeni kwa kukingama, kamwe si kwa safu zenye kushuka.

Wageni wa bustani

Bustani ikiwa na maua, wageni watakuja. Si wote maadui, na si wote marafiki.

*Nyuki.* Wapandieni maua, lakini mizinga isiwe karibu na mlango. Nyuki wetu ni wakali. Iwekeni mbali na njia, na mbali na mahali mbuzi wanafungwa. Mtu akiumwa, kisha akaanza kuvimba uso ao kushindwa kupumua, apelekwe kituo cha afya mara moja.

*Kinyonga na chura.* Wengi wanaogopa kinyonga na kumpiga mawe. Hana sumu. Anakula nzi na panzi. Chura naye anafanya kazi ya usiku, anakula wadudu na konokono wadogo. Muwaache.

*Vipepeo.* Kipepeo anasaidia maua, lakini watoto wake ni viwavi wenye kula majani. Wakiwa wachache, vumilieni. Wakiwa wengi, okoteni kwa mkono.

*Konokono.* Tafuteni usiku kwa taa ao alfajiri. Lazeni ubao ao gome la mgomba karibu na tuta. Watajificha chini yake, na asubuhi mutawaokota wote pamoja.

*Fuko.* Huyu anakula viazi vitamu na mizizi minene ya maua. Hatujapata dawa ya hakika. Sisi tunafungua njia yake, tunatega mtego, na maua yenye mizizi minene hatuyapandi karibu na viazi.

*Mbuzi na kuku.* Hawa ndio wanatushinda zaidi. Kuku atachimbua mbegu zote kwa asubuhi moja. Funikeni tuta kwa matawi ya miiba mpaka miche ifike kimo cha kiganja.

*Nyoka na mbu.* Musipande msitu ukutani. Acheni hatua mbili kati ya ukuta na maua, na kateni majani marefu. Makopo yenye kushika maji yamwageni kila juma, maana ndani yake mbu wanazaliana.

Kama ni lazima kupiga dawa

Anzeni na mikono: kuokota, kukata jani lenye ugonjwa, kunyunyiza majivu. Mukishindwa na ni lazima dawa, tusaidie nyuki kwa mambo manne. Pigeni jioni, wakati nyuki wamerudi nyumbani. Musipige juu ya ua lenye kuwa wazi. Mwambieni jirani mwenye mizinga siku moja kabla. Na musichanganye dawa mbili kwa mawazo yenu. Wengine wanasema, dawa ya pireta inatoka katika ua, basi haina shida. Hapana. Nayo inaua nyuki, hata kama nguvu yake inaisha upesi juani.

Na kama nyuki hawajarudi kwako, maboga yasikufe kwa kungoja. Alfajiri, chukueni ua dume, ondoeni majani yake ya manjano, gusisheni unga wake polepole katikati ya ua jike. Ua dume moja linatosha kwa majike mawili. Ni kazi ya subira, lakini watoto wanaipenda.

Sisi tulifanya nini

Tuliacha uzio uote tena. Tulipanda tageti na zinia pande mbili za njia, na mrihani kando ya jiko. Tulihamisha dawa kwenye jioni, kisha tukaona mara nyingi hatuihitaji. Msimu wa kwanza hakukuwa mabadiliko makubwa. Msimu wa pili, asubuhi moja tulisikia mlio ndani ya maua ya maboga, na yule mzee wa mizinga akatuambia: "Sikiliza, wamerudi kazini." Mwaka ule tulikula maboga na tukabakiza mbegu za kugawa.

Kazi ya juma hili

Kila mwanamemba achague mahali pa hatua tatu kwa tatu kando ya nyumba. Alfajiri akae karibu na ua moja la boga kwa dakika kumi, aone nani anakuja. Katika mkutano ujao tutazungumza:

- Ni wageni gani muliwaona, na ni gani hamukuwaona?
- Ni miezi gani hakuna ua hata moja katika kiwanja chenu?
- Jirani zenu wanapiga dawa saa ngapi? Nani atazungumza nao?

Leteni mbegu mulizonazo, hata kiganja kimoja, tubadilishane. Yule mama aliyetuuliza swali tayari ameahidi kuleta mbegu za alizeti. Lakini amesema tusimfurahie mapema: atahesabu maboga kwanza.