Kazi kwa Tajiri Mkubwa na kwa Tajiri Mdogo

Vijana wetu wa Mwika wanatafuta kazi. Wengine huteremka mpaka kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini. Wengine huajiriwa dukani, hapa hapa sokoni.

Penye wafanyakazi wengi ni rahisi kuunda chama. Wakidai mshahara, wanadai pamoja. Dukani uko peke yako na tajiri. Mnapatana kwa mdomo tu.

Lakini sheria ya ajira ya mwaka 2004 ni moja kwa wote. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zikizidi, ulipwe nyongeza. Likizo yenye malipo ni siku 28 kwa mwaka. Tena masharti yaandikwe.

Kusoma tunajua. Basi tudai karatasi, tuisome, ndipo tutie sahihi.

Swali: Kwa nini mapatano ya mdomo hayatoshi?