Usiku wa Mgonjwa ni Usiku wa Wawili



Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra nyumbani na hata kliniki: mgonjwa wa saratani anayekosa usingizi, na mwenzi anayelala kando yake.

Chukua mfano wa mume na mke wanaoishi Kyumbi, karibu na njia panda ya kuingilia Machakos. Mke anatibiwa saratani ya matiti. Saa nane za usiku malori ya barabara ya Mombasa bado yananguruma. Mke yu macho, lakini hajitikisi, asije akamwamsha mumewe mwenye kazi kesho. Mume naye yu macho, lakini hageuki, asije mkewe akajua ana wasiwasi. Asubuhi wanaulizana, "Umelala vyema?" Kila mmoja anajibu, "Ndiyo." Na kliniki jibu huwa ni hilo hilo.

Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini kunyamaza huku kunamnyima daktari habari anayohitaji, na kunawaacha wawili hawa kila mmoja peke yake katika kitanda kimoja.

Kukosa usingizi kuna sababu

Wengi hudhani ni mawazo tu, au ni sehemu ya ugonjwa ya kuvumiliwa. Sivyo. Mara nyingi ipo sababu inayoweza kutibiwa.

1. Maumivu. Usiku, kukiwa kimya, maumivu huhisika zaidi, na dawa ya jioni huenda imekwisha nguvu. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba dawa za maumivu ya saratani zinywewe kwa saa maalum, si kungoja mpaka maumivu yazidi. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, na daktari anaweza kupanga kipimo cha wakati wa kulala ili mgonjwa asilazimike kuamka katikati ya usiku. Msibadilishe kipimo wenyewe.

2. Dawa nyingine. Deksamethasoni, ambayo hutolewa pamoja na kemo ili kupunguza kichefuchefu, hufukuza usingizi ikinywewa jioni. Muulizeni daktari kama inaweza kunywewa asubuhi. Tamoksifeni, inayotumiwa kwa saratani ya matiti, huweza kuleta joto la ghafla na jasho usiku.

3. Usingizi wa mchana. Matibabu huchosha sana, na jamaa kwa huruma humwambia mgonjwa alale kutwa. Basi usiku ukifika, usingizi umekwisha.

4. Hofu. Majibu ya vipimo, gharama, karo ya watoto na kifo chenyewe huja kichwani taa ikizimwa.

Semeni kliniki

Kabla ya kwenda kliniki, iwe ni Hospitali ya Machakos Level 5 au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, andikeni kwa wiki moja: mgonjwa alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, nini kilimwamsha, na alikunywa dawa gani saa ngapi. Mkiwa mbele ya daktari, mwacheni mgonjwa aseme kwanza, kisha mwenzi aongeze aliyoyaona.

Msinunue dawa za usingizi dukani bila ushauri. Zikichanganywa na mofini, au na pombe, zinaweza kupunguza pumzi kiasi cha kuhatarisha maisha.

Usiku mwema huanza asubuhi

Kwa ukosefu wa usingizi wa muda mrefu, madaktari hupendelea kuanza na kurekebisha mazoea kabla ya vidonge. Jaribuni haya:

- Amkeni saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya.
- Mgonjwa apate mwanga wa asubuhi nje, atembee kidogo kadiri ya nguvu zake.
- Akilala mchana, isizidi nusu saa, na iwe kabla ya saa tisa alasiri.
- Baada ya chakula cha mchana, aache kahawa na chai ya majani.
- Jioni, kabla ya giza, kaeni pamoja na daftari. Andikeni kila linalowasumbua, na nani atalishughulikia kesho. Kisha lifungeni.
- Usingizi ukikataa kwa kama dakika 20, aondoke kitandani akae kitini penye mwanga hafifu, arudi usingizi ukija. Kama ana kizunguzungu, mwenzi amshike mkono.

Mwenzi naye ni binadamu

Anayemtunza mgonjwa bila kulala atachoka, kisha atakuwa mkali bila kutaka. Ombeni msaada. Dada, shemeji au mwanajumuiya anaweza kushika zamu usiku mmoja kwa wiki.

Kulala vitanda tofauti kwa muda si kuvunja ndoa, ila lazima mkubaliane na kuelezana sababu. Mke aliyeondolewa titi akihamiwa kitanda kimya kimya, anaweza kuamini kwamba hatakiwi tena. Mwambie wazi: "Nahama kwa sababu nakugusa kidonda nikigeuka, si kwa sababu nimekuchoka." Na kabla ya kuhama, kaa kando yake, mshike mkono.

Kama hofu ya kifo ndiyo inayomwamsha, msimzime kwa kusema, "Usiseme hivyo." Msikilizeni. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa nayo si ya wanaokata roho tu. Mgonjwa mahututi anaweza kuipokea mapema, na kuipokea tena hali ikizidi.

Msingoje asubuhi

Nendeni hospitali mara moja, hata usiku, ikiwa mgonjwa wa kemo ana joto la digrii 38 au zaidi, anapumua kwa shida, amechanganyikiwa ghafla, au ana maumivu ya mgongo na miguu imekosa nguvu.

Mliahidiana kuwa pamoja katika afya na ugonjwa. Usiku wa leo, ahadi hiyo inaweza kuwa maneno mawili tu: "Niko macho."

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kuna jambo ambalo kila mmoja wetu humficha mwenzake usiku?
2. Nani tunaweza kumwomba ashike zamu?
3. Tutamwambia daktari nini safari ijayo?