Mzigo wa Trela Upangwe Vipi?

Barabara za Thika na Ruiru hupitisha trela nyingi ndogo za magurudumu mawili zikivutwa na pikapu au trekta. Hubeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Juja, marobota ya nyasi ya ng'ombe, saruji na matangi ya maji. Wamiliki wengi huuliza kama mzigo umezidi. Wachache huuliza umekaa wapi, ilhali hata trela yenye mzigo wa kadiri inaweza kupinduka ikipakiwa vibaya.

Mvuta mkokoteni sokoni anaijua kanuni hii bila kuisomea. Magunia yakirundikwa nyuma, mikono ya mkokoteni huinuka. Yakirundikwa mbele, uzito wote humwangukia yeye. Kwa hivyo huyapanga juu ya magurudumu, yakielekea mbele kidogo.

Trela ni vivyo hivyo. Mzigo ukilemea nyuma, mkono wa trela huinua sehemu ya nyuma ya gari, matairi hupoteza mshiko na trela huanza kuyumba kama mkia. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo kuyumba kunavyozidi. Katika Barabara Kuu ya Thika, upepo wa basi linalopita kasi unaweza kukuanzisha. Mzigo ukilemea mbele kupita kiasi, magurudumu ya mbele ya gari huwa mepesi, usukani haushiki vizuri na taa humulika machoni mwa madereva wanaokuja.

Kipimo kinachotumika sana kwa trela ndogo inayovutwa na pikapu ni takriban asilimia 10 ya uzito wote kukalia kiungo cha gari. Trela ikiwa na kilo 1,000 pamoja na mzigo wake, kiungo kibebe karibu kilo 100, mradi kisipite kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari.

Hatua za kufuata:

1. Vitu vizito viwekwe chini, juu ya ekseli. Vyepesi vijaze mbele na nyuma.

2. Karibu asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli. Katika mifuko 20 ya saruji, 12 iwe mbele na 8 nyuma.

3. Pande za kushoto na kulia zilingane.

4. Trela iwekwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, kisha mkono wake ulazwe juu ya mizani ya magunia, kwa kimo kilekile cha kiungo.

5. Uzito usipotosha, mzigo usogezwe. Ikiwa kiungo kiko mita 2.5 kutoka ekseli, kusogeza mfuko wa kilo 50 mbele kwa mita 1 huongeza kilo 20 kwenye kiungo.

6. Mzigo ufungwe kwa kamba imara. Tangi la maji lijae kabisa au liwe tupu, kwa kuwa maji ya nusu tangi hukimbia mbele na nyuma.

Trela ikianza kuyumba, dereva asikanyage breki ghafla wala kuongeza mwendo. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka, na gari lipungue lenyewe. Kisha asimame pembeni, mbali na stendi, apange mzigo upya. Dakika 10 hizo humlinda yeye, mwendesha bodaboda aliye nyuma yake na abiria wanaongoja matatu kando ya barabara.