Mafunzo Niliyopata kwa Kibuyu cha Gicandi

Kuanzia Ruiru hadi Thika, siku ya utamaduni shuleni au ruracio, sherehe ya mahari, haipiti siku hizi bila kijana aliyejifunga ngozi, akajipaka chokaa usoni, akaitwa mbele awatumbuize watu kama enzi za mababu. Kama kijana huyo ni wewe, au unajiandaa kuwa yeye, haya ndiyo niliyookota katika miaka mingi ya kughani hapa Kalimoni. Yachukue, uanzie hapo nilipofika mimi.

1. Mavazi hayaghani

Kwenye ruracio moja, sisi wenye ngozi na manyoya tulipomaliza, aliinuka guka, yaani babu, aliyevaa koti na kofia ya kawaida. Alitikisa kibuyu, akatoa fumbo, kisha akanyamaza. Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa anangoja kujibiwa. Kimya kilitanda mpaka mama mmoja aliyekuwa akipakua chakula nyuma ya hema akajibu kwa sauti, naye akatupa fumbo lake. Wakaendelea hivyo hadi chakula kikapoa, na sikusikia mtu akilalamika.

Hiyo ndiyo roho ya gicandi, ushairi wa mafumbo wa Wagikuyu. Waghani wawili walikutana hadharani, kila mmoja na kibuyu chake chenye mbegu ndani. Mmoja alifumba, mwenzake akafumbua na kufumba upya, na kwa desturi aliyeshindwa alikabidhi kibuyu chake. Kimani Njogu, katika kitabu chake *Reading Poetry as Dialogue* cha 2004, aliuweka ushairi huu pamoja na kujibizana kwa Waswahili wa pwani, ambako zama za mshairi Muyaka bin Haji mashairi yalirushwa kati ya Mombasa na Lamu. Nilipoelewa hivyo, niliacha kuuliza nitasema nini jukwaani. Nikaanza kuuliza nitamwachia nani nafasi ya kunijibu.

2. Shika njia, maneno yatakuja

Kibuyu cha gicandi huchongwa alama na kupambwa kwa simbi. Zile alama ni picha za kumkumbusha mghani, kila moja ikifungua sehemu yake ya wimbo. Padri Vittorio Merlo Pick wa Consolata alikusanya beti na maelezo ya alama hizo katika kitabu kilichotoka 1973, na tunamshukuru. Lakini ukikariri beti kutoka kitabuni neno kwa neno, utakuwa na wimbo usioweza kupinda.

Nilimwona kijana hodari akighani hivyo katika ukumbi wa mabati. Mvua ikaanza. Sauti yake ilimezwa, akasimama, na mahali pa kurudia hakupapata. Mvua ilikuwa imempa fumbo bora kuliko yote aliyokariri, ila hakuwa na mlango wa kuliingiza. Chora picha chache tu: mto, jembe, mgeni mlangoni. Jua unatoka picha ipi kwenda ipi. Katikati hapo acha pawe wazi kwa mvua, mtoto anayelia, na mzee anayebisha.

3. Atakayekukatiza mshukuru

Somo hili sikulipata kwa Wagikuyu wenzangu. Nililipata kwa mpiga nyatiti, Mjaluo, kwenye harusi kule Juja. Kila alipokolea, mtu aliinuka, akamsimamisha, akajisifu kwa majina yake ya sifa, akatoa pesa, ndipo nyuzi zikaendelea. Wajaluo huuita mtindo huo pakruok. Nilishangaa kuona wimbo ukizidi nguvu kwa kila kukatizwa. Tangu hapo huwa naacha mwanya makusudi baada ya kila fumbo, mrefu kuliko ninavyojisikia vizuri.

4. Fumbo litoke hapa

Hapa kwetu watu wameletwa na mkonge, kahawa, machimbo ya mawe na vyuo. Ukighani juu ya ng'ombe waliotekwa vitani na mikuki pekee, Mkamba wa machimboni na Mluhya wa duka la jirani watakupigia makofi ya heshima tu. Siku moja nilifumba kwa Kiswahili juu ya jiwe la kujengea, jinsi linavyokaa katika nyumba ambayo aliyelichonga hataingia. Wachonga mawe waliokuwa nyuma walinijibu kwa pamoja, kisha wakaanza wao kunifumbia. Sijawahi kupewa heshima kubwa zaidi.

5. Usikodishwe kusifu

Mtakuja kuombwa mumsifu mheshimiwa aliyeketi meza kuu. Kabla hamjakubali, someni *Caitaani Mũtharabainĩ* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, au tafsiri yake, *Shetani Msalabani*. Tamthilia aliyoandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa ajili ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ ilizuiwa mwaka 1977, naye wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Ndani ya gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, aliiandika riwaya hiyo juu ya karatasi za chooni, na msimuliaji aliyemchagua ni mpiga gicandi. Alijua kwamba huyo ndiye mwenye ruhusa ya zamani ya kuuliza mali imetoka wapi.

6. Tafuta mpinzani

Mwaka 1176 Lord Rhys aliwaita washairi na wapiga muziki washindane kwenye ngome yake ya Cardigan, Wales, na washindi wakapewa viti. Huko mshindi alizawadiwa. Kwetu aliyeshindwa aliacha kibuyu. Sharti hilo ndilo ningependa mlirudishe. Anzeni wawili, sokoni au uwanja wa shule Jumamosi, kila mmoja na kibuyu alichokichonga mwenyewe, hata kama alama zake ni matatu, bomba la maji na kahawa. Chagua mwenzako asiye rafiki sana, ikiwezekana wa lugha nyingine. Wasikilizaji ndio waamuzi. Na kibuyu kikienda, kiende kweli.