ELIMU KWA UMMA: NGUVA ALIYENASWA HAWEZI KUSUBIRI ALFAJIRI

Wakazi wa kata za mwambao wanaelimishwa kuhusu nguva, mnyama wa bahari ambaye kundi lake la Afrika Mashariki liliorodheshwa Desemba 2022 miongoni mwa viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) ulikadiria kuwa nguva wakubwa waliobaki katika mwambao wote hawafiki 250. Kwa Tanzania, eneo linalotegemewa zaidi ni bahari ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Nguva si samaki. Hunyonyesha, huvuta hewa kwa mapafu na hula nyasi za bahari zinazoota kwenye maji ya kina kifupi. Kila baada ya dakika chache hulazimika kupanda juu kupumua. Akinaswa na jarife hushindwa kupanda, naye hufa maji. Mvuvi ategaye jarife jioni na kulikagua alfajiri humkuta amekwisha kufa, hata kama hakukusudia kumvua.

Hasara hiyo haifidiwi upesi. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa ndama mmoja, kisha hupita miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Hivyo, vifo vichache kila mwaka vyatosha kulimaliza kundi dogo. Ndugu yake mkubwa wa bahari za kaskazini, ng'ombe-bahari wa Steller, alijulikana kwa wataalamu mwaka 1741. Kufikia 1768 alikuwa ametoweka kwa kuwindwa.

Wananchi wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kutotega jarife juu ya nyasi za bahari, wala kuliacha usiku kucha bila mwangalizi.

2. Kumwinua nguva aliye hai ili pua zitoke majini, kukata wavu na kumwachia hapohapo.

3. Kuacha baruti na kokoro, zana haramu zinazoharibu nyasi hizo.

4. Kutoa taarifa kwa BMU au Afisa Uvuvi kila nguva anapoonekana, akiwa hai au amekufa. Kumvua au kuuza nyama yake ni kosa kisheria.

Nyasi anazokula nguva ndizo malisho ya tasi na makuzi ya kamba. Anayezilinda hulinda pia kitoweo cha nyumba yake.