Nyuma ya Kaunta: Mafunzo ya Teknolojia Benki kwa Mwanafunzi wa Singida

Vyuo vinapofunga katikati ya mwaka, wanafunzi wa kompyuta na mifumo ya habari hurudi nyumbani Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni, Itigi na Singida mjini wakiwa na barua ya utambulisho mkononi. Wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, ile wanayoiita fildi. Wengi wangependa makao makuu ya CRDB au NMB, na yote mawili yako Dar es Salaam. Tawi la mkoani huonekana kama nafasi ya aliyekosa. Kijitabu hiki kinasema vingine: anayetaka kuijua teknolojia ya benki hana haja ya kuona haya kubaki Singida, na msimu huo ndio hasa wa kuwa hapa.

Sababu ni mavuno. Alizeti ikishapigwa na kuuzwa, fedha huanza kutembea kutoka kwenye viwanda vya kukamua mafuta hadi kwa wakulima. Ufuta, dengu na choroko vinapouzwa kwa stakabadhi ghalani, malipo hupitia akaunti za benki kwa orodha inayoandaliwa na chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Sasa tuseme orodha ya AMCOS imeandika Ntandu, kitambulisho cha NIDA kimeandika Mtandu, na akaunti ilifunguliwa zamani kwa jina la babu. Mfumo haujui kwamba hao wote ni mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Malipo yanagoma. Chuoni jambo hili huitwa ubora wa data, na mhadhiri hulimaliza kwa kipindi kimoja. Tawini ni mtu aliyekaa mbele yako, ana mtoto wa kidato cha tatu na amekuja na nauli ya kwenda tu.

Jambo la pili ambalo mwanafunzi hukutana nalo ni lalamiko linalojulikana kila mji: salio limepungua, lakini mashine haikutoa fedha. Mteja anaona ameibiwa. Mwanafunzi akiketi karibu na afisa anayeshughulikia lalamiko hilo, ataona lilivyotokea. ATM huandika kila hatua: kadi imeingia, namba ya siri imeingizwa, ombi limetumwa, jibu limerudi, noti zimehesabiwa, noti zimetoka. Mfumo mkuu wa benki nao una kumbukumbu yake. Mawasiliano yakikatika katikati ya hatua hizo, kumbukumbu mbili zinapishana, na kazi ya usuluhishi wa miamala ni kuzilinganisha mstari kwa mstari. Mashine ikikutwa na fedha nyingi kuliko hesabu inavyosema, fedha hizo zina mwenyewe na lazima zimrudie. Kadi ikiwa ya benki nyingine, benki mbili zinapaswa kukubaliana, na hapo marejesho huchukua siku kadhaa.

Kufuatilia lalamiko moja la namna hiyo tangu fomu inapojazwa hadi fedha inaporudi kwenye akaunti kunamfundisha mwanafunzi muamala ni nini. Hakuna kitabu cha hifadhidata kitakachomfundisha vizuri zaidi.

Kisha kuna simu. Wateja wengi wa vijijini hawatumii programu za simu janja. Wanabonyeza *150*66# ya NMB au *150*03# ya CRDB kwenye kitochi, huduma isiyohitaji intaneti. Menyu hiyo ina muda wake. Ukichelewa kusoma inakatika, unaanza upya. Mbunifu aliyeko ofisini, mwenye kioo kikubwa mbele yake, hamuoni bibi anayeisogeza simu mbali na macho ili asome, kisha anaikabidhi kwa wakala pamoja na namba ya siri kwa sababu menyu imemshinda. Mwanafunzi atakayekaa kwa wakala wa Ndago au Ilongero nusu siku atamuona. Akija kuwa mbunifu siku moja, atajua kwamba menyu ndefu huwafanya watu watoe siri zao. Huo ni udhaifu wa usalama, na hauonekani kwenye kipimo chochote cha maabara.

Inafaa pia ajue kwamba mambo haya hayana umri mkubwa nchini. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Wizara ya Fedha kwa kompyuta kwenda mrama. Benki ya NBC, iliyoundwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, ilihudumia wateja kwa leja na vitabu vya akiba. Ilipogawanywa mwaka 1997 ndipo NMB ikazaliwa, ikarithi matawi mengi ya mikoani na wilayani. Mwaka 2004 Benki Kuu ilianza kutumia TISS, mfumo wa benki kulipana fedha kubwa papo hapo. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania. Baadaye ikaja TIPS, mfumo unaounganisha benki na mitandao ya simu. Mzee aliyekuwa akipanga foleni na kitabu cha akiba ndiye huyohuyo anayetakiwa leo kukumbuka namba ya siri. Kijana asimcheke, amsaidie.

Mwanafunzi asitarajie kukabidhiwa mfumo halisi. Wengine hulalamika kwamba wamekaa wiki nzima wakifunga printa, wakivuta nyaya na kubadilisha karatasi za mashine za mawakala. Kazi hizo nazo ni za teknolojia, na ni haki yake kuomba zaidi: aonyeshwe jinsi maombi ya msaada yanavyopokelewa, na pale panapowezekana apewe nafasi kwenye mfumo wa majaribio. Lakini ruhusa ya kuidhinisha muamala hatapewa, na asiipokee hata akipewa kwa urafiki. Benki hufanya kazi kwa watu wawili: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha. Afisa anayemwachia mwanafunzi nywila yake "kwa dakika tano tu" anamuweka hatarini, kwa sababu kitakachofanyika kwa nywila hiyo kitatafutiwa mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai.

Taarifa za wateja nazo zina ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu mwanafunzi kama inavyomhusu meneja. Salio la mjomba halitazamwi kwa udadisi. Picha ya kioo cha kompyuta haiendi kwenye hali ya WhatsApp. Hata kitabu cha kumbukumbu cha kila siku, kile msimamizi wa chuo anachokuja kukikagua, kinaandikwa bila majina wala namba za akaunti: "nimesaidia kurekebisha taarifa za mteja ambazo hazikuoana" inatosha.

Mtu aliyepita benki hugeuka kuwa mshauri wa mtaa mzima, naye ajiandae. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" bado unawaliza watu. Unapokelewa, haujibiwi, unatumwa kwenda 15040, namba iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa ajili hiyo. Anayetaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake abonyeze *106#. Na hakuna mfanyakazi halali wa benki anayempigia mteja kumuuliza namba ya siri.

Kuhusu kuomba nafasi: barua ya utambulisho ichukuliwe chuoni mapema na ipelekwe kwa meneja wa tawi miezi kadhaa kabla, kwa maana matawi hupokea wachache. Mzazi asidhani mtoto ameajiriwa. Fildi nyingi hazina mshahara. Mwanafunzi mwenye mkopo wa HESLB aangalie kama amepangiwa fedha za mafunzo kwa vitendo, na azitunze kwa ajili ya nauli na chakula.

Nafasi ya fildi hainunuliwi. Anayedai "hela ya fomu" ni tapeli au mla rushwa. Anayedai ngono ili atoe nafasi, au ili asaini ripoti, anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, awe wa benki au wa chuo. Mwanafunzi asinyamaze. Aipigie TAKUKURU kwa namba 113, simu hiyo ni ya bure.